Kishikio cha Kijivu

Fadhila alisema uongo mmoja tu, wa maneno matatu, na wiki mbili baadaye uongo huo ulikuwa umemkaba koo. "Mnyama huyo huyo." Ndivyo alivyoandika kwenye fomu, akabonyeza kutuma, akalala usingizi mzuri kabisa.

Kampuni moja ya michezo ya simu ya Dar ilikuwa imetangaza shindano la kuchora ngozi ya bunduki, ile nakshi inayovishwa silaha ndani ya gemu, ambayo vijana wanaiita skini. Sharti lilikuwa moja: kila rangi na kila mstari utoke kwenye viumbe na mazingira ya kwenu. Na mshindi hapewi fulana na kupigwa picha kisha akaambiwa asante, hapana. Anaajiriwa, anachora akiwa nyumbani kwao, mwaka mzima. Fadhila alikuwa na miaka miwili tangu amalize chuo, na kwa miaka yote miwili alikuwa akichora mabango ya saluni na ya wauza chipsi pale Kirumba, Mwanza. Kazi hii aliitaka mpaka ikamharibia hamu ya kula.

Akachora bunduki yenye kitako cha waridi kali, mwili wa buluu uliokolea, na mtutu ambao rangi yake inakatika ghafla karibu na ncha, inabaki kahawia tupu isiyo na nakshi yoyote. Na kishikio, pale mchezaji anaposhika, akakipaka kijivu chenye mipasuko midogo midogo. Kwenye fomu palikuwa na swali: rangi hizi zimetoka kwa mnyama gani? Akajaza kitako, mwili na mtutu: mjusi wa majabali. Alipofika kwenye kishikio akasita. Halafu ndipo akaandika yale maneno matatu.

Wiki mbili zikapita, wakampigia. Waamuzi walikuwa wawili: Evelina, mkuu wa wachoraji, mwanamke wa sauti ya upole, na Josephat, mkaguzi wa kazi, ambaye upole alikuwa hajauzoea.

"Umeingia tatu bora," Evelina alisema. "Ila kuna tatizo."

"Tatizo ni kwamba kazi hii inanuka akili mnemba," Josephat akadakia. "Mjusi wa waridi na buluu? Na ncha inayopoteza rangi bila sababu? Mashine ndizo hukosea hivyo. Tutumie faili lenye matabaka yote ya kuchorea."

Faili hilo hakuwa nalo. Simu yake ilikuwa imejaa kiasi kwamba ukiongeza picha moja tu inaanza kulalamika, kwa hiyo kila tabaka alilomaliza aliligandisha juu ya lenzake na kufuta lililobaki. Alipowaeleza hivyo, Josephat alicheka kwa pua. Evelina ndiye aliyemtetea. Wakaafikiana: kesho saa saba mchana awapigie kwa video, awaonyeshe huyo mjusi akiwa hai, amchore mbele ya macho yao. Saa nane kamili majina yanafungwa.

"Na kishikio pia," Josephat aliongeza kabla hajakata. "Nitakiulizia."

Haya, sasa mjusi mwenyewe. Mtu yeyote aliyekaa Mwanza anawajua wale mijusi wa kwenye majabali, kichwa na kifua vya waridi, mgongo wa buluu, wanaotikisa vichwa juani siku nzima. Huyu wa kwao Fadhila alimwita Diwani, kwa sababu ukimweleza shida yoyote anaitikia kwa kichwa na hakuna linalofanyika. Diwani aliwahi kukatika mkia, paka wa jirani ndiye aliyeula, na mkia uliochipuka upya ulikuja kahawia, hauna hata doa la buluu. Ndiyo ile ncha ya mtutu. Mijusi wako wengi, lakini mwenye mkia ule ni mmoja, na makao yake ni ufa ulio juu ya jabali la jiko la Bimdogo.

Bimdogo ni mama yake Fadhila. Nyumba yao iko mlimani juu ya Kirumba, na kama nyumba nyingi za huko, imeegemea jiwe. Kuta tatu za jiko ni mabati, ya nne ni jabali lenyewe, na mafiga ya Bimdogo yamekaa chini yake kabisa. Mama huyu anavunja kokoto. Miaka kumi na tisa, tangu baba yake Fadhila afariki, amekaa chini na nyundo yake na kipete cha mpira cha kushikia mawe, akavunja, akamsomesha mtoto mpaka chuo. Na huko chuoni, wenzake walipomuuliza mama yako anafanya kazi gani, Fadhila alijibu, "Yuko kwenye vifaa vya ujenzi." Si uongo, lakini we msikilizaji unaelewa. Aibu ina ujanja wake.

Siku yenyewe ikaamka na mvua. Mvua ya ziwani, ile isiyo na haraka. Ilipokatika saa nne, wingu lilibaki palepale, na upepo wa baridi ukawa unapanda kutoka soko la Mwaloni na harufu ya dagaa.

Bimdogo alitaka kuwasha moto wa uji. Fadhila akamzuia mlangoni.

"Mama, leo usiwashe. Moshi utaniharibia picha."

"Tunywe nini sasa?"

"Nitakuletea chai na chapati kwa mama ntilie. Leo tu, mama, nakuomba."

Bimdogo akamtazama, akaziweka kuni chini. Alikuwa hajawahi kuiona hiyo bunduki. Mara moja Fadhila alijaribu kumwonyesha, akageuza uso: "Bunduki ni bunduki, sitaki kuiona." Lakini alijua kuwa leo kuna jambo, na mtoto wake alikuwa hajala tangu jana. Akaenda zake kwenye chungu ya kokoto uani, akaanza kugonga.

Ikafika saa tano. Diwani hajatoka. Ikafika saa sita, hakuna Diwani. Fadhila alipanda kwenye jabali, akalala kifudifudi, akachungulia ufa. Giza tupu. Jiwe lilikuwa baridi mpaka likampenya tumboni.

Masalu, jirani yao anayepakia kokoto kwenye malori, alikuwa amekubali kuazimisha simu yake, kwa kuwa ya Fadhila isingeweza kupiga video na kuchorea kwa wakati mmoja. Alifika saa saba kasoro robo, shati limechomekwa.

"Mbona umevaa hivyo, kaka Masalu?"

"Si wananiona Dar?"

"Hawakuoni! Unashika simu tu!"

"Huwezi jua," Masalu alisema, akajipanguza viatu. Halafu alipoona macho ya Fadhila yamejaa machozi, utani ukamwisha. "Hajatoka?"

"Hajatoka."

"Basi namtoa mimi."

Akachomoa uzi kwenye gunia, akafunga kitanzi mwisho wa fito, akapanda. Fadhila alitamani kumkataza, na alitamani amharakishe. Saa saba kasoro dakika tatu Masalu akapiga kelele, "Huyu hapa! Mkia wa kahawia! Ndiye!" Akashuka naye, amemfumbata kiganjani.

Fadhila akapiga kwa simu ya Masalu. Nyuso mbili zikatokea kwenye kioo. Salamu zikapita haraka, kisha Masalu akafumbua kiganja mbele ya kamera.

Wee! Lilikuwa jambo la kusikitisha. Kiganjani palikuwa na mjusi wa rangi ya udongo. Kichwa cha udongo, mgongo wa udongo, mkia wa udongo. Hakuna waridi, hakuna buluu, wala dalili yake.

"Fadhila," Evelina alisema taratibu, "huyu ni wa kahawia."

"Ndiye mwenyewe, dada. Ana baridi. Na ameogopa."

"Mjusi ameogopa," Josephat alirudia. "Nimesikia mengi katika kazi hii, hilo bado."

"Kaka Josephat, ukimuona akiwa kwenye jua..."

"Jua liko wapi?"

Wingu lilikuwa limekaa juu ya ziwa, hata kule ng'ambo, upande wa Sengerema, hakukuonekana. Evelina akavuta pumzi. "Tuna kikao kidogo hapa. Tutarudi saa nane kasoro kumi. Ukiwa na la kutuonyesha, tutaliona. Ukiwa huna, mdogo wangu, itabidi tusonge na hao wawili." Kioo kikazima.

Fadhila akakaa chini palepale kwenye tope. Hakulia, alikuwa amepita hapo. Kitu kimoja kilikuwa kikimzunguka kichwani: watasema si kazi yangu. Watasema ni mashine. Miaka yote ile kidole changu kwenye kioo kilichopasuka, na watasema ni mashine.

Ile nyundo ya uani ilikuwa imenyamaza. Bimdogo alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni.

"Mrudisheni kwenye ufa wake."

"Mama, niache tu."

"Nimesema mrudisheni. Masalu, panda. Huyo mdudu unafikiri kwa nini amehamia juu ya jiko langu wakati mlima mzima una mawe? Kila asubuhi nikipika, jiwe linapata moto, naye anatoka kuota. Mvua inyeshe isinyeshe. Nikimaliza kupika namkuta amewaka huyo, anatikisa kichwa. Leo nani kamkatalia moto?"

Fadhila akainua uso. Maneno yakamwingia moja moja. Ni yeye. Ni yeye aliyezuia kuni zisiwashwe, eti moshi.

"Washa, mama. Washa!"

Lakini Bimdogo hakusogea. Alikuwa analitazama jabali kutoka juu hadi chini, kama fundi anavyoutazama ukuta. Maji ya mvua yalikuwa bado yanatiririka kwenye nyufa zake.

"Moto wa uji hautatosha, muda umekwisha," alisema. "Unatakiwa moto wa kazi. Na jiwe limelowa mpaka ndani."

Masalu alielewa kabla ya Fadhila. Watu wa kokoto wanajua: ukitaka kupasua jabali unalichoma, na lililoshiba maji halikupi onyo la kutosha. "Mama Fadhila," alisema, "hili ndilo ukuta wako. Wenye malori wamelitaka miaka mingapi, umekataa."

"Nimekataa kuliuza."

"Likipasuka, je?"

"Likipasuka litakuwa limepasuka. Lete zile kuni za gunia, zilizo kavu. Na ule mpira wa gari wa kuchomea."

"Mama, hapana," Fadhila alisema. "Basi. Acha tu. Utapikia wapi?"

Bimdogo akamgeukia, na hapo akawa mkali. "Wewe! Mimi nimekaa hapa chini miaka kumi na tisa sijui unachora nini, lakini nimekuona ukichora. Kwa macho yangu haya. Halafu mtu aliye Dar aseme hujachora? Aseme mbele yangu? Sogea hapo."

Masalu akamrudisha Diwani ufani, akaleta kuni, Bimdogo akawasha. Moto wa kazi si wa kuchezea. Kwa dakika kumi mafiga hayakuonekana tena, ndimi zilikuwa zinalamba jiwe, na upepo wa ziwani kwa bahati ukausukuma moshi upande wa pili. Bimdogo alikuwa ndani, anasukumiza kuni. Masalu alisimama juu kwenye jiwe la pembeni, simu mkononi. Fadhila alichuchumaa kando yake, hatua nne kutoka kwenye ufa, simu yake ya kuchorea mapajani, akahesabu dakika. Saa saba na nusu. Saa saba na dakika thelathini na tano. Ndani ya jiwe mlisikika sauti ndogo, tik, tik, na kila ilipolia Fadhila alitazama jikoni.

"Mama, toka sasa!"

"Nyamaza, atoke yeye kwanza!"

Saa nane kasoro robo, pua ikachungulia ufani. Ya udongo bado. Ikarudi ndani. Fadhila akafumba macho, akayafumbua. Pua ikatoka tena, kisha kichwa, kisha Diwani mzima akapanda juu ya mdomo wa jiwe, akajilaza, tumbo limegandamana na joto. Simu ikaita. Masalu akapokea bila hata kusalimia, akaielekeza kwa mjusi.

Ikaanzia shingoni. Waridi ikapanda taratibu mpaka kwenye taya, ikakolea, kifua kikafuata. Kisha buluu ikajitokeza mabegani na kuteremka mgongoni mpaka kwenye shina la mkia, pale ulipowahi kukatika, ikasimama. Mbele ya hapo ni kahawia. Diwani akainua kichwa, akakitikisa mara tatu, kama kawaida yake, akikubali kila kitu.

"Jamani!" Evelina alisema. "Josephat, unaona mkia?"

Fadhila alikuwa ameshaanza. Hakumtazama mtu. Kidole kilikwenda chenyewe: waridi, buluu, mkato, kahawia. Alichora dakika mbili nzima, na Masalu, Mungu ambariki, alisogeza simu karibu ili waone kidole na mjusi kwa pamoja.

"Sawa," Josephat akasema. Sauti yake ilikuwa imepoa. "Rangi nimekubali. Mkono ni wako, hilo nimeliona. Limebaki moja. Kishikio. Huyu mjusi sioni mahali ana kijivu chenye mipasuko. Fomu inasema mnyama huyo huyo."

Kidole cha Fadhila kikasimama. Hii ndiyo ilikuwa saa yenyewe. Angeweza kusema ni tumboni, kwa chini, hakuonekani. Nani angempinga? Nani angemgeuza Diwani amkague? Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umekaa vizuri. Akafungua kinywa.

Jiwe likalia.

Mlio ulikwenda mpaka ng'ambo ya bonde na kurudi. Diwani alitoweka. Pande la jabali, refu kuliko mlango, likamenyuka taratibu, likateremka, na mabati ya jiko yakakunjamana kwa kishindo. Majivu na moshi vikafunika ua wote.

"Mama!"

Hakumbuki alishukaje. Alijikuta ameshika bati la moto, analivuta, analiita kwa kelele jina ambalo hakuwahi kumwita, "Bimdogo! Bimdogo!" kama vile ni mtoto wa mtu mwingine. Sufuria ikabiringika kutoka kwenye moshi. Halafu, kwa nyuma yake kabisa, mtu akakohoa.

"Niko huku. Nilitoka zile tik zilipoanza kukaribiana. We unafikiri mimi mgeni wa mawe?"

Alikuwa amesimama kando ya chungu yake ya kokoto, majivu kuanzia kilemba hadi miguu. Fadhila alimkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena, akilia kwa hasira na kwa furaha bila kujua ipi ni ipi.

"Halo? Fadhila? Mko salama?" Ilikuwa sauti ya Evelina. Masalu alikuwa ameshuka nyuma yake, bado ameinyoosha ile simu mbele, hajaishusha hata kidogo, shati lake limekuwa jeusi.

"Tuko salama," Fadhila alisema.

Kisha Josephat, kwa sauti ya mtu ambaye hapendi anachotakiwa kuuliza: "Ni saa nane kasoro dakika mbili. Samahani sana. Ni lazima nijaze. Kishikio?"

Fadhila akaishika mikono ya mama yake, yote miwili, akaivuta mbele ya kamera. Bimdogo akairudisha haraka ndani ya kanga.

"Una wazimu? Mikono hii uwaonyeshe watu? Hata kunawa sijanawa!"

"Usinawe, mama. Nakuomba. Ifungue."

Akaifungua. Ilikuwa ya kijivu, vumbi la jiwe limeingia mahali ambapo sabuni haifiki tena, na ngozi ya viganja imepasuka mistari midogo midogo, mmoja ukipanda kutoka kidole cha shahada na kugawanyika mara mbili. Fadhila akachomoa simu yake mfukoni, akaiweka ile bunduki kando ya kiganja. Mstari ulikuwa uleule, na uligawanyika palepale.

"Si mnyama huyo huyo," alisema. "Niliwadanganya. Ni mikono ya mama yangu. Anavunja kokoto, na mimi nimekuwa nikiona aibu kusema. Kama nimevunja sharti nitoeni, sitalalamika. Lakini msiseme nimechorewa na mashine."

Kwenye kioo Josephat alionekana ameinama, amesogea karibu na kamera, anatazama kile kiganja.

"Mama," Josephat akasema mwishowe, "shikamoo."

"Marahaba, baba." Mikono ya Bimdogo ilikuwa bado hewani, hakujua pa kuiweka. "Nyie ndio mnaosema mwanangu hachori?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Sharti lilitaka vya kwenu, na mikono hii ni ya kwenu; jina lake ndiyo naliandika sasa hivi kwenye tatu bora."

Bimdogo akaitazama ile simu ya Fadhila, ile bunduki aliyokataa kuiona, akaitazama muda mrefu kuliko alivyomtazama mtu yeyote siku ile. Akaweka kidole chake juu ya kishikio.

"Hapa," alisema, "umekosea kidogo. Huu mpasuko wa gumba umeshapona."

Kisha akafunga kanga kiunoni, akaenda kutafuta sufuria.